Tambi za Kioo na Mboga za Mgeta

Msamvu watu wanaijua kwa kupita. Muulize yeyote aliyewahi kwenda Dodoma, Iringa, Mbeya au Ifakara kwa basi, atakwambia, "Aa, Msamvu! Nimefika." Kufika kwenyewe ni robo saa ya kuchimba dawa, kununua maji na mayai ya kuchemsha, na kurudi mbio kwa sababu konda ameshaanza kugonga bodi. Wengine walilijua jina letu Agosti 10, 2019, lori la mafuta lilipopinduka hapa na kulipuka, likaua zaidi ya watu 100. Tangu hapo ukisema kwenu Msamvu mtu hunyamaza kidogo, kisha hukupa pole. Lakini sisi tunaoishi mitaa ya nyuma ya stendi tuna Msamvu yetu nyingine: ya foleni ya ndoo alfajiri, ya moshi wa mkaa uani, ya jirani kukuuliza umepika nini kabla hata hajakusalimu. Hiyo ya uani ndiyo ninayotaka kuiandika. Nitaiandika kwa chakula, maana mwaka 2025 nyumbani kwetu chakula kilikuwa jambo la kufa na kupona.

Bibi yangu mzaa mama alifariki Januari. Baada ya arobaini wageni wakaondoka, majamvi yakakunjwa, Babu akabaki amekaa kwenye kiti chake uani akitazama ukuta. Hakulia. Aliacha kula tu. Asubuhi uji nusu kikombe. Mchana matonge mawili ya ugali, anayazungusha mdomoni kama mtu anayetafuta mwiba wa samaki. Usiku maji. Mama akampeleka zahanati. Wakapima malaria, wakapima sukari, wakapima presha. Daktari akasema mzee hana ugonjwa wa kumwandikia dawa, ila asipokula huo ugonjwa utakuja wenyewe. "Mpikieni anachopenda," akasema. Ushauri mzuri sana, lakini aliyekuwa anajua Babu anapenda nini ndiye tuliyekuwa tumetoka kumzika.

Mama akajaribu yote. Akapika wali wa nazi, akapika ndizi nyama, akapika mlenda, akatafuta perege wa Bwawa la Mindu akawachemsha kwa ndimu. Babu anashukuru, anaonja, anasukuma sahani. Na hapo ujue kwamba mama yangu ni mama lishe. Alfajiri ana supu na chapati pale karibu na stendi, na ingawa wateja wake wamepungua tangu treni ya umeme ianze kati ya Dar na Moro Juni 2024, bado kuna madereva wanaosema hawawezi kushika usukani bila supu yake. Mtu analisha stendi nzima, halafu baba yake mzazi anakonda nyumbani kwake mbele ya macho yake! Usiku nilikuwa namsikia anavyojigeuza kitandani.

Sasa, msomaji, kama hutufahamu sisi Waluguru, lazima nikueleze jambo hapa. Kwetu mtoto huhesabiwa ukoo wa mama yake. Mimi ni wa ukoo wa mama, na mama ni wa ukoo wa Bibi. Babu, pamoja na kutuzaa, ukoo wake ni mwingine, na watu wake wa damu kwa mila ni watoto wa dada zake, yaani wapwa. Mume anaishi kwa mkewe, anazaa, anajenga, analima. Mke akiondoka duniani, wapwa wana haki ya kuja kuuliza: mjomba wetu mnamfanya nini? Na wakaja. Walikuja watatu mwezi Machi kutoka Mgeta, binamu zake mama, ambao mimi nawaita wajomba. Wakamtazama Babu, wakatazama mashavu yalivyoingia ndani, wakanywa chai kimya. Mkubwa wao akasema kwa upole, na upole wenyewe ndio uliomuumiza mama:

"Dada, hatukulaumu. Lakini mjomba akifia mjini kwa njaa, sisi tutasema nini nyumbani? Jumapili ya kwanza baada ya Pasaka tutakuja kumchukua."

Pasaka ya 2025 iliangukia Aprili 20. Kwa hiyo siku yenyewe ilikuwa Aprili 27. Mama akaitia alama kwenye kalenda ya ukutani, kwa kalamu ya wino mwekundu ambayo huandikia madeni ya wateja.

Nimeanza na haya yote ili ujue kwamba siku nilipoingia nyumbani na pakiti ya tambi sikuwa na mpango wowote mkubwa. Nina mshikaji wangu anayefuata nguo Kariakoo kila wiki. Wachina wana maduka kule, na siku hiyo alikuwa amepewa pakiti mbili za vitu kama nyuzi, kama nyongeza kwenye mzigo. Mwenyewe akaziogopa. "We si unapenda mambo ya ajabu ajabu," akaniambia, "chukua ukaandikie hadithi." Nikachukua. Zilikuwa tambi nyembamba, nyeupe zenye kung'aa, zimekunjwa kama uzi wa kuvulia samaki. Ukizishika zinalia kwacha kwacha kama nailoni.

Nikageuza pakiti. Chini ya maandishi ya Kichina palikuwa na mstari mmoja wa Kiingereza, herufi ndogo kama chawa. Ulisema: wanga wa choroko, maji. Basi.

Choroko! Hizi hizi ambazo mama anazichambua kwenye ungo kila Jumanne! Hizi zinazolimwa kwa wingi Kanda ya Ziwa, ambazo hapa kwetu tunazichemsha, tunaziunga kwa nazi, na mtoto akilalamika anaambiwa akae na njaa yake! Nikahisi kama mtu aliyekutana ugenini na jirani yake, amevaa suti.

Kesho yake nikaenda maktaba, nikauliza na huku na huku, na nilichokipata ndicho hiki. Wachina huziita fensi, na zinazosifiwa zaidi hujulikana kwa jina la bandari ya Longkou, mkoa wa Shandong, ingawa sehemu kubwa hutengenezwa mji wa jirani wa Zhaoyuan. Choroko huloekwa, husagwa na maji, huchujwa kwa kitambaa, kisha yale maji meupe huachwa yatulie. Wanga huzama chini kama chokaa ndani ya ndoo. Sehemu ndogo ya wanga hupikwa iwe kama uji mzito, huchanganywa na wanga mbichi, hukandwa, halafu donge husukumwa kwenye chombo chenye matundu juu ya maji yanayochemka. Uzi unaingia, unaiva hapo hapo, unaopolewa, unatiwa kwenye maji ya baridi, unaanikwa kwenye miti kama nguo. Ukikauka unakuwa kama kioo. Wakorea nao hutengeneza zao kwa viazi vitamu. Wajapani jina walilozipa zao maana yake ni mvua ya majira ya kuchipua. Mimi nikafikiria viazi vitamu vya Gairo vinavyopangwa mafungu barabara ya Dodoma, na mvua ya masika ilivyokuwa ikinyesha nje ya maktaba, nikacheka peke yangu.

Lakini kuna jambo moja lilinitia wasiwasi, na ni vizuri mpishi alijue. Wanga unapokamuliwa, protini ya choroko karibu yote huondoka na maji. Tambi hizi ni wanga mtupu. Hazina ngano, kwa hiyo hata mtu asiyepatana na ngano anaweza kula, lakini sahani ya choroko za kawaida inajenga mwili kuliko sahani ya tambi za choroko. Kwa mzee aliyekonda, tambi peke yake zingekuwa kama kumvika koti asiye na shati. Lazima ziwe na wenzake: mayai, karanga, njegere.

Niliporudi nikakaa uani naichezea ile pakiti, jua la saa kumi likipita ndani yake. Babu akageuza uso kutoka ukutani.

"Lete hiyo."

Nikampa. Akaishika juu, akaizungusha, akainusa kwa nje kama vile plastiki ina harufu.

"Fensi," akasema.

Nikajua nimesikia vibaya. "Fensi ya nini, Babu? Ya ukuta?"

Akaguna. Kuguna kwa Babu tangu msiba ilikuwa habari ya kupelekwa kwa jirani. "Mjinga wewe. Fensi! Chakula cha Wachina. Nimekula hii Mang'ula kabla mama yako hajazaliwa."

Mimi nimekaa nyumba moja na Babu miaka mingi. Nilijua kwamba alifanya kazi reli. Ukiwa mtoto wa Morogoro na mzee wako akasema reli, unafikiria stesheni ya mjini, Reli ya Kati ya tangu enzi za Wajerumani. Sikuwahi kuuliza reli ipi. Na yeye hakuwa mtu wa kujieleza. Jioni ile akajieleza, na mimi nikachukua daftari langu, si kwa ujanja wa uandishi, ila kwa hofu. Unapomwona mtu anakonda unaanza kuhesabu maneno yake.

Alizaliwa Mgeta mwaka 1952. Mwaka 1971 alikuwa kijana wa miaka 19, anabeba kabichi kichwani kushuka mlimani, na bega la kulia limeshaota sugu. Wakasikia kwamba ofisi ya TANU inaandikisha vijana wa kujenga reli ya kwenda Zambia. Historia yake mnaijua: Ian Smith alipojitangazia uhuru wa walowezi kule Rhodesia mwaka 1965, Zambia ikabanwa, shaba yake ikakosa njia salama ya kwenda baharini. Mwalimu Nyerere na Rais Kaunda wakatafuta mkopo Magharibi, wakaambiwa reli hiyo haina faida. China ikakubali, mkataba ukatiwa saini 1967, ujenzi ukaanza 1970, na reli ya kilomita 1,860 ikakabidhiwa mwaka 1976. Hayo yapo vitabuni. Kisichokuwamo vitabuni ni kwamba Babu yangu alipelekwa kambi ya Mang'ula, chini ya milima ya Udzungwa, akawekwa karakana ya mbao, chini ya fundi Mchina ambaye hakujua neno la Kiswahili isipokuwa "rafiki" na "bado".

"Bado ndilo lilikuwa baya," Babu akasema. "Unapiga randa ubao mpaka mkono unatetemeka. Anakuja, anapitisha kidole. Bado! Unaanza upya. Hakupigi, hakutukani. Anachukua randa mwenyewe anakuonyesha. Jua likizama, bado."

"Na chakula?"

"Wao walikuwa na jiko lao na sisi letu. Walilima mboga wenyewe pale kambini, ungedhani wamekuja kulima, siyo kujenga reli. Sasa siku moja mvua imenyesha siku tatu, kazi imesimama, Fundi ananiita kwenye banda lao. Kuna karai. Ndani kuna hii fensi na kabichi. Anachota bakuli, ananipa, anakaa mbele yangu ananiangalia."

"Ilikuwa tamu?"

Babu akaangalia pembeni kama vile Fundi yuko mlangoni. "Haina chumvi! Haina kitu! Kama kula mvua. Lakini mtu amekupa kwa mikono miwili, utasemaje? Nikamaliza. Akaniongeza."

Mama, aliyekuwa anafua sufuria, akacheka mpaka akakaa chini.

Fundi aliondoka mwaka 1975 reli ilipokwisha. Hawakuachiana anwani, maana ya nini, hakuna angeweza kusoma barua ya mwenziwe. Babu anajua tu kwamba alipanda lori akapunga mkono. Baadhi ya Wachina waliofia kwenye kazi ile wamezikwa Dar es Salaam, upande wa Gongo la Mboto, lakini Fundi wake alirudi kwao mzima, hilo Babu ana hakika nalo na hataki ubishi.

Halafu akasema maneno ambayo hatukuyasikia tangu Januari. Akasema, "Kapike. Na utie chumvi."

Haya, jikoni.

Nilimpa mama pole ya kumpokonya jiko lake, nikaenda kwanza sokoni Mawenzi. Babu alikuwa ametoa masharti: mboga ziwe za Mgeta. Wachuuzi wa Moro wote watakwambia zao ni za Mgeta, hata nyanya zilizotoka Iringa. Lakini ukizaliwa na Mluguru unajua: karoti ya Mgeta inakuja na udongo wake mweusi, na kabichi yake ni ndogo, ngumu, ukiigonga inaitika kama mlango. Kule juu kuna baridi, Nyandira na Langali watu wanavaa sweta mchana, na baridi hiyo ndiyo inayozipa mboga subira. Nikachukua karoti tatu, kabichi moja, hoho mbili, njegere za kumenywa kikombe kimoja, kitunguu maji, kitunguu saumu na tangawizi. Nikapita dukani nikachukua mayai matatu na karanga za mia tano.

Jirani yetu wa chumba cha tatu aliponiona na kisu akasimama mlangoni mikono kiunoni. "Mwanamume jikoni! Kuna nini leo?" Alipoziona tambi akatoa ushauri: zichemshwe nusu saa kama makaroni, la sivyo zitamkwama mzee kooni. Nikamshukuru. Nilikuwa nimeshasoma, na nakuambia nawe: tambi za choroko hazichemshwi hivyo, zitageuka gundi. Unaziweka kwenye beseni, unamwagia maji ya moto yaliyokwisha kutulia kidogo, unafunika kwa sahani. Dakika kumi zinatosha. Zinalainika, zinaonekana kwa shida ndani ya maji, lazima uingize mkono ndipo uzione. Kisha unachuja na kuzikata kwa mkasi, maana ndefu zilivyo zinaweza kumfunga mtu miguu. Kwa mzee asiye na meno yote, nilizikata urefu wa kidole.

Mboga nazo zina utaratibu wake. Zote zikatwe nyembamba, urefu mmoja na tambi, ili kijiko kimoja kikamate kila kitu. Nikakoleza mkaa. Mayai kwanza: yapigwe, yakaangwe kama chapati nyembamba, yaondolewe, yakatwe vipande virefu. Kisha karai hilo hilo, mafuta ya alizeti vijiko viwili, kitunguu maji, saumu na tangawizi iliyopondwa. Harufu ikapanda, watoto wa uani wakaanza kusogea mmoja mmoja. Njegere, ambazo nilikuwa nimezichemsha kando, zikaingia pamoja na karoti kwa sababu karoti ni kaidi. Baada ya dakika tatu kabichi. Hoho mwisho, inahitaji kuona moto tu. Nikatia kikombe kimoja cha supu ya mama ya asubuhi, kijiko cha sosi ya soya ambayo mshikaji wangu pia aliitia kwenye mfuko, na chumvi. Supu ilipochemka nikazishusha tambi, nikageuza kwa mwiko na uma.

Hapo ndipo utazipenda tambi hizi. Zenyewe hazina ladha, Babu alisema kweli. Lakini zinakunywa. Supu yote iliyokuwa inachemka chini ya karai ilipotea mbele ya macho yangu, na tambi zilizokuwa kama maji zikawa na rangi ya chai, zinateleza, zinang'aa. Nikamaliza kwa mayai, na karanga zilizokaangwa na kutwangwa nusu nusu juu yake. Kipande cha ndimu pembeni.

Mama alichota, siyo mimi. Akachota kidogo sana kwenye sahani ya bati, ile yenye maua ambayo Bibi alimpakulia Babu maisha yote, akaiweka na kuondoka haraka kama vile imemuunguza. Tukajifanya tuna kazi. Mimi napanga mkaa usiohitaji kupangwa. Babu akachukua kijiko, akatafuna. Akatafuna tena. Nikasikia:

"Bado."

Tukageuka wote.

"Chumvi bado. Na hii kabichi umeiivisha mno. Fundi alikuwa haivishi hivi." Akachota kijiko kingine. "Lakini karoti ni ya Mgeta kweli."

Alikula nusu ya kile kidogo. Mtu wa nje angeona si kitu. Mama alihesabu vijiko kwa vidole nyuma ya mlango: tisa. Kesho yake akataka nirudie, niache kabichi ikiwa ngumu. Vijiko kumi na kimoja. Siku ya tatu akasimama mwenyewe kando ya jiko na fimbo yake, ananielekeza, na alipochoka kuelekeza akakaa akala mihogo ya mama iliyokuwa kwenye sufuria nyingine, bila mtu kumwambia. Sikuwahi kuona mtu anakula mihogo mitupu kwa hasira namna ile.

Sitaki kukudanganya, msomaji. Tambi hazikumponya. Siku nyingine alirudia ukuta wake, sahani ikarudi kama ilivyokwenda. Pakiti mbili zikaisha. Huzuni ya mtu aliyeishi na mwenziwe miaka mingi haiondoki kwa hoho na njegere. Nilichokiona ni kwamba alikuwa amepata kitu cha kugombana nacho. Kabla ya hapo tulikuwa tunambembeleza wote, na mtu mzima akibembelezwa kila siku anajiona ameshakufa.

Na wakati huo daftari langu linajaa. Sisi vijana tunaoandika tuna tabia ya kulia kwamba hatuna cha kuandika, kwamba mambo makubwa yako Dar, au Nairobi, au Ulaya. Mimi nilikuwa na kurasa arobaini za hadithi ya kijana aliyezamia meli, na meli sijawahi kupanda. Nimeziweka chini ya godoro. Ziko salama huko.

Aprili 27 wajomba wakaja, wameloa kwa mvua, na gunia la kabichi na njegere mabegani. Mama alikuwa amepika wali na kuku. Lakini Babu alikuwa ameagiza, na mimi nilikuwa nimemtuma mshikaji wangu Kariakoo, kwa hiyo katikati ya mkeka palikuwa na sinia la tambi. Mjomba mdogo akaziangalia kwa muda.

"Samahani, mpwa wangu. Hizi si minyoo?"

"Ni choroko," mama akasema.

"Choroko?"

"Kula kwanza," Babu akasema, "tutazungumza baadaye."

Wakala. Mjomba mdogo, huyo wa minyoo, ndiye aliyekwangua sinia. Kisha mkubwa wao akakohoa, akaanza ile hotuba ya mila, kwa heshima zote. Babu akamwachia mpaka mwisho. Halafu akasema atakwenda. Alisema hivyo, nami nilikuwepo: "Nitakwenda kwetu. Dada zangu wamelala kule na mimi nitalala kule. Lakini siendi kwa kubebwa, na siendi na tope hili. Barabara ikikauka nitapanda gari kwa miguu yangu, na binti yangu ndiye atakayenifungia mzigo."

Mama alitazama chini. Alikuwa ameshindana miezi mitatu ili baba yake asiondoke, na kumbe alichokuwa anashindania ni namna atakavyoondoka. Wajomba wakatazamana. Mkubwa akasema, "Haya, mjomba. Umesema wewe mwenyewe." Jambo likaisha hapo, tukanywa chai.

Aliondoka Julai. Alipanda gari mwenyewe, fimbo mkononi, na mzigo wake mama aliufunga kwa kanga ya Bibi.

Agosti nikaenda kumwona. Gari linaacha barabara ya Iringa, linapanda, masikio yanaziba, na ghafla milima yote ni matuta ya mboga mpaka juu kwenye ukungu. Nilikuwa na pakiti moja tu, ikaisha siku ile ile kwa sababu mji mzima ulikuja kuonja. Kesho yake mke wa mjomba akaniuliza zinatengenezwaje. Nikamsomea kutoka daftarini. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sasa hapo kigumu nini?" Akaloweka choroko kilo moja.

Tulisaga, tukachuja kwa kitambaa cha kuchujia maziwa ya mbuzi, tukaacha usiku kucha. Asubuhi chini ya beseni palikuwa na wanga mweupe kama unga wa sembe, lakini laini zaidi, unalia ukiubana. Maji yake na makapi hakuyamwaga, aliwapa mbuzi, akasema nguvu iliyobaki humo si ya kutupa. Mjomba mdogo akatoboa kopo la maziwa kwa msumari. Tukapika uji, tukakanda, tukalishika kopo juu ya sufuria mafigani na kusukuma kwa kinu cha kutwangia saumu. Kilichotoka kilikuwa vipande vipande, vinene huku vyembamba kule, kama mvua iliyokatizwa na upepo. Watoto wakacheka. Tukavipika hivyo hivyo na karoti zilizong'olewa dakika ile ile, kabichi isiive sana, chumvi ya kutosha.

Babu akapitisha kidole juu ya kile kipande kirefu kuliko vyote, taratibu, kutoka mwanzo hadi mwisho, kama mtu anayekagua ubao.

"Bado," akasema, akasogeza sahani karibu.